Mashine Isiyokubali Nafasi Tupu

Eudaldo Pita alikuwa mkaidi, na nalisema hilo mapema kabla watu hawajaanza kumpamba. Mtu akishapatwa na makubwa, mji mzima hujifanya ulikuwa unampenda, hata wale waliokuwa wakivuka barabara wasikutane na ulimi wake. Mimi nilikaa naye ofisi moja miaka thelathini na tano pale makaburini, mjini kwetu Aguada del Cura. Kazi yangu kupokea jamaa wa marehemu langoni na kuuza maua, kazi yake ile mashine. Nilimpenda kama kaka yangu wa tumbo moja. Lakini mkaidi alikuwa, tena wa kukutia wazimu.

Mashine yenyewe ililetwa mwaka themanini na tisa ndani ya sanduku la mbao lenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Kioo kidogo cheusi, herufi za kijani, kibodi nzito ambayo ikikuangukia mguuni unalazwa. Kabla yake wafu wote walikuwa wakiandikwa kwa wino na mzee Crisanto kwenye madaftari makubwa ya jalada jekundu. Eudaldo, kijana wa nywele nyingi wakati huo, alihamisha majina yote mashineni kwa miezi kumi na minne, kisha akamwambia Crisanto kwamba karatasi ni chakula cha mchwa na zama zake zimekwisha. Crisanto alilia mbele yetu. Miaka michache baadaye, ile ya njaa, karatasi ilipokosekana nchi nzima, madaftari yale yalichukuliwa, na sisi tukawa tunanunua karanga zilizofungwa kwenye majina ya wafu wetu. Eudaldo alikula zile karanga na hakusema kitu. Ndiyo maana baadaye alipokuwa akilalamika juu ya watu wanaotupa vya zamani, nilikuwa namtazama tu.

Na alilalamika, Mungu wangu. Hakuna aliyeingia ofisini akatoka bila kupewa somo.

"Mashine nzuri ni ile inayokukatalia," alikuwa akisema, kidole juu. "Ukikosea, inakataa. Hizi zenu mpya zinakuchekea tu, kama muuza duka ambaye rafu zake ni tupu."

Akiona mtu ameshika simu: "Hicho kidude kina nguvu mara elfu kuliko hii yangu, na wewe unakifanyia nini? Unatazama paka. Yangu imewatunza watu elfu kumi na moja na haijawahi kuona paka."

Kipanya hakukitaka hata kukisikia. Mtu mzima kutwa anasukuma kipande cha plastiki mezani, alisema, ni aibu kwa mama yake aliyemzaa. Rangi kwenye kioo ni za nini, kwani wafu wanataka rangi?

Programu aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake. Ukiifungua inakuuliza jina, majina mawili ya ukoo, siku ya kufa, mwenye kaburi. Halafu inakuuliza kama marehemu ni mgeni. Kwetu asiye na kaburi la ukoo huazimwa nafasi na rafiki, kama unavyomwazima mtu kitanda, mpaka miaka miwili ipite, mifupa itolewe, ioshwe na kuwekwa kwenye kijisanduku cha saruji pale ukutani. Wageni ni wengi kuliko unavyodhani, na kumbukumbu yao yote ilikuwa kwenye mstari ule mmoja. Mwisho kabisa inakuuliza mahali: safu na namba. Hapo ukiacha wazi, mashine inalia kama panya aliyekanyagwa, inakurudisha nyuma na haihifadhi chochote.

Lipo shimo kule nyuma kwenye ukuta wa kaskazini, shimo la wote, ambako hutupwa mifupa isiyofuatwa na jamaa ikifika siku yake. Eudaldo hakulipa shimo lile namba. "Mtu wangu haendi kule," alisema. Kila tarehe mosi mashine ilikuwa inatoa orodha ya waliotimiza miaka miwili, naye anapanda baiskeli na karatasi yake, anawasaka jamaa nyumba hadi nyumba, kwenye foleni ya mkate, kwenye meza za domino, mpaka waje. Nilishamwona akimtoa mwanamume kwenye kiti cha kinyozi, povu la kunyolea mashavuni, aje kumchukua baba yake. Kwa miaka thelathini na tano hakuna hata mmoja aliyetupwa shimoni.

Sasa Zoraida. Zoraida alikuwa mkewe, fundi cherehani, mwanamke wa kicheko kikubwa, na ndiye peke yake aliyeweza kumwambia Eudaldo "funga hilo bakuli" na likafungwa. Watoto hawakujaliwa. Alianguka jikoni asubuhi moja ya Januari, kahawa ikiwa motoni, na jioni hakuwepo tena.

Hebu fikiria, mtu aliyewapa watu elfu kumi na moja mahali pa kulala, yeye mwenyewe hana kaburi. Amparo Barrutia, ambaye Zoraida ndiye aliyemshonea gauni la harusi, akasema, "Atalala kwetu, na mtu asinishukuru." Tukamzika kwenye kaburi la Barrutia, safu ya nne.

Kutoka makaburini Eudaldo hakwenda nyumbani. Alikuja ofisini, akawasha mashine, akakaa. Mimi nilikuwa nachambua maua yaliyonyauka. Nilimwona ameweka vidole kwenye kibodi, ametulia hivyo hivyo, muda mrefu sana. Kioo kinamuuliza jina, na yeye hajibu. Mwishowe akazima.

"Umeme leo si wa kuaminika, Nereida," akaniambia. "Nitamwingiza kesho."

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu.

Wiki ikapita, nikamuuliza, "Kaka, ulishamwingiza Zoraida?"

"Wewe shughulika na maua yako."

Mwezi ukapita, nikamuuliza tena. "Nishamwingiza," akasema, huku anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza. Ningeweza kuinuka nikatazama. Lakini kibodi ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na mimi nilimwogopa kwa jambo hilo moja. Sikuuliza mara ya tatu. Hilo ni fungu langu la lawama, na sitaki mtu anipunguzie.

Mwaka uliofuata, Oktoba, akaletwa Yanisleidy kutoka mkoani na mfumo mpya. Msichana mwembamba, anakuja kwa kudandia malori, wali na maharage yake kwenye kopo. Alikuwa na kompyuta bapa kama sinia, na habari zake zote zinakaa kwenye mashine kubwa huko mkoani. Nilitegemea Eudaldo atamla mzima mzima. Alijaribu.

"Mzee Eudaldo," msichana akamwambia siku ya kwanza, kwa adabu, "hii mashine yako, siku ukifa wewe, na yenyewe imekufa. Hakuna mwingine anayeijua."

"Na yako mtandao ukikatika inakufa mara ngapi kwa siku, binti?"

"Inafufuka. Ina nakala tatu."

"Nakala tatu za kosa moja. Hongera."

Eudaldo akaiomba aijaribu. Akaandika jina la uongo, tarehe ya uongo, na kwenye mahali akaacha wazi. Sinia ikafikiri kidogo, ikakubali. Eudaldo alicheka mpaka wachimbaji wakaja mlangoni kutazama kuna nini.

"Mmeona? Imempokea maiti asiye na pa kulala. Hii si mashine, hili ni gunia. Tia chochote, haliulizi."

"Kuna mambo mengine mtu hayajui siku hiyo, mzee," Yanisleidy akasema. "Unaacha wazi, unarudi baadaye."

"Harudi mtu. Ukishamwachia mtu nafasi tupu, harudi."

Alisema hivyo mbele yangu, na mimi nikajishughulisha na ndoo ya maua.

Msichana alinakili kila kitu, mstari kwa mstari, wageni na wote, wiki tatu nzima. Kila jioni alikuwa akimwomba Eudaldo akae naye wakague. Eudaldo hakutaka hata kukitazama kioo chake. Desemba akastaafishwa. Mashine yake ikawekwa kwenye orodha ya vyuma chakavu, nami nikaiiba, nikaificha kwenye stoo ya maua nyuma ya mashada ya waya. Januari Zoraida akatimiza miaka miwili. Eudaldo alikuwa anangoja miadi ya macho hospitali ya mkoa, akasema atamtoa akirudi, anaona vizuri, amwoshe mwenyewe. Akaenda kukaa kwa dada yake huko.

Machi akafa Amparo Barrutia. Wiki hiyo mimi nilikuwa kitandani na homa ya mbu, siwezi hata kushika kijiko, viungo vimekaza. Yanisleidy akafungua mfumo wake: kaburi la Barrutia, safu ya nne, Barrutia watatu, mgeni hakuna. Wachimbaji wetu walishaondoka nchini mmoja baada ya mwingine, na siku hiyo walikuja wa kuazima kutoka mji mwingine, wasiomjua mtu. Wakafungua, wakakuta jeneza la ziada. Wakamuuliza msichana, akatazama tena, hakuna jina. Kanuni iko wazi: asiyeandikwa ni wa shimo. Wakamaliza kabla jua halijawa kali, waombolezaji hawajafika. Msichana akatia sahihi.

Mimi ndiye niliyemwambia Eudaldo. Alikuja Aprili, jicho moja limefungwa bandeji, kwenye kapu la baiskeli amebeba kijisanduku cha saruji alichokifinyanga mwenyewe kwa dada yake. Jina la Zoraida alilichora kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Herufi zilikuwa zimenyooka, za mtu aliyezipima. Nilimwambia pale pale langoni, kwa sababu nilijua nikimkaribisha ndani nitashindwa.

Alisimama ameshika usukani. Halafu akaenda kwenye ukuta wa kaskazini, akaketi juu ya kile kifuniko cha chuma, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Mle ndani mifupa humwagwa, haipangwi. Ya miaka yote mpaka ya wiki iliyopita, yote pamoja. Hata angeingia na taa hangejua amshike nani.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine, wa hasira. Akasimama mbele ya Yanisleidy.

"Gunia lako limemmeza mke wangu."

Msichana akainuka. "Mzee, nilinakili kila kilichokuwemo. Kila mstari."

"Nilimwingiza kwa vidole hivi. Kwenye yangu yumo. Wewe ndiye uliyemdondosha njiani."

Mji ukagawanyika. Wenye wageni wao makaburini walikuja wamejaa langoni kuhakikisha, na kila mmoja alikuta wake yumo. Hilo halikuwanyamazisha. Kwenye foleni ya mkate nilisikia watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta wakieleza jinsi mfumo mpya unavyokula watu. Yanisleidy alianza kula chakula chake chooni, asitazamwe. Na mimi niliyejua, au niliyeshuku, niliuza maua na kunyamaza. Kumpoteza Zoraida alishampoteza. Kilichobaki ni nani aliyempeleka shimoni, gunia la msichana au yeye, na mimi sikutaka ajibiwe.

Yeye alitaka. "Washa yangu," alinikalia kooni kila siku. "Najua unayo, Nereida. Washa, wote waone."

Nilimdanganya imekufa, na kumbe kweli ilikuwa imekufa, kisanduku cha umeme kimeungua kwa unyevu wa maua yangu. Nikashukuru, Mungu anisamehe. Lakini Eudaldo alikaa siku nane sakafuni mle stoo, na jicho lake moja, anachomelea vipuri alivyong'oa kwenye televisheni ya marehemu mama yake. Siku ya tisa umeme ulikuja saa nane mchana, na ile mashine ikalia mlio wake wa kuamka. Herufi za kijani zikatoka. Nilikuwa sijaziona kwa miezi, na moyo wangu ukanisaliti, nikafurahi.

Alimwita Yanisleidy asimame nyuma yake. Akaandika jina. Mashine ikatafuta, inakwaruza kama kawaida yake.

Hayumo.

Akajaribu jina la pili la ukoo. Hayumo. Akajaribu kwa jina la Amparo, kaburi, safu ya nne, wageni wote wa Barrutia. Hakuna mgeni. Akatafuta kwa siku yenyewe ya Januari. Zikatoka maiti mbili, mzee wa kiwandani na mtoto mchanga. Alizitazama muda mrefu, kama mojawapo ingeweza kubadilika.

"Nilimwingiza," akasema. Hakuwa anatuambia sisi.

Msichana alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Angeweza kusema, si nilikuambia. Alikuwa na haki hiyo kwa maneno yote aliyotukanwa, na hakuitumia, na tangu siku ile namheshimu.

"Ulijua?" Eudaldo aliniuliza bila kugeuka.

"Nilihisi."

"Mbona hukunikalia kooni, dada yangu? Unajua nilivyo."

Nikaishika tena ndoo yangu ya maua.

Akavuta kiti. Akafungua ukurasa mpya, na sasa vidole vikaandika, haraka, kama vilikuwa vinaungoja. Zoraida. Ukoo wa baba, ukoo wa mama. Siku ya kufa. Mwenye kaburi. Mgeni, ndiyo. Ikafika kwenye mahali, safu na namba. Akaacha wazi, akabonyeza. Mashine ikalia na kumrudisha nyuma. Akaandika kwa maneno, ukuta wa kaskazini. Ikalia. Akaandika sifuri. Ikalia. Akabonyeza tena na tena, na mashine ikamkatalia kila mara, kwa sauti ile ile aliyoipa yeye mwenyewe alipokuwa na nywele zote kichwani.

"Weka safu ya nne, kaka," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Hayuko safu ya nne," akasema.

Akazima. Akakaa na mikono mapajani. Halafu akainuka, akatoka stoo, akavuka ua, akaingia ofisini na kuketi kwenye kiti cha wageni, kile wanachokalia jamaa wakija kuandikisha. Yanisleidy akamfuata, akafungua sinia yake. Mimi nilisimama mlangoni.

"Binti," akasema, "niandikie mtu."

Alimtajia polepole, na msichana aliandika na machozi yanamdondokea juu ya kioo, anayafuta kwa kiwiko. Walipofika mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Mahali, mzee?"

"Acha wazi."

Mtandao ulikuwa umekatika. Tulingoja karibu saa nzima, watatu sisi, mpaka sinia ikakubali.

Ingekuwa hadithi ingeishia hapo. Lakini ule mfumo, kama ule wa zamani, nao hutoa orodha kila tarehe mosi, na aliyepitisha miaka miwili bila kuhamishiwa mahali, jamaa yake hutumiwa wito wa kuja kuchukua mabaki. Mwezi wa Mei wito ukatoka: ndugu Eudaldo Pita afike makaburini kumchukua marehemu mkewe. Yanisleidy aliuona umeshakwenda. Alikuja kwangu, akasema anaweza kumwondoa kwenye orodha, ni kubonyeza mara mbili tu. Tukaenda nyumbani kwa mzee kumwambia.

Eudaldo alikuwa ameshavaa shati lake jeupe lililopigwa pasi. Kijisanduku kilikuwa kwenye kapu la baiskeli.

"Usiniondoe," akasema. "Mimi niliwafuata watu hadi kwa kinyozi. Nikiitwa mimi nisije?"

Basi anakuja. Kila tarehe mosi, saa tatu asubuhi, na kile kijisanduku. Anaketi kwenye kiti cha wageni, nampa kahawa, Yanisleidy anamwonyesha wito kwenye kioo na yeye anausoma wote, kwa jicho moja, tangu juu mpaka kwenye ile nafasi tupu. Juu ya kompyuta hajasema tena neno lolote, za zamani wala za sasa. Akimaliza kahawa anaaga, anapanda baiskeli na kurudi nacho nyumbani.